Uzi Husokotwa Pajani

Msimamizi wa ukumbi alipovua koti lake na kulitupa juu ya magoti ya shosho, bibi kizee wetu, uvumilivu wangu ukaisha. Nilisimama nikiwa bado nimepandisha sketi, nyuzi za mkonge zikining'inia mguuni.

"Mzee, kama paja linakusumbua, geuza shingo!"

Wamama wenzangu walicheka mpaka binti yangu mchanga, aliyekuwa amelala kwenye leso pembeni, akaamka akilia. Msimamizi hakucheka. Alisema ukumbi wa jamii ni mahali pa heshima, ati Jumapili watu wanasali humo, na sisi tumeugeuza sijui kuwa nini.

"Funikeni hayo mapaja ama mtoke."

"Hata yangu?" shosho akauliza. Alilishika lile koti kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Yangu yalikauka zamani, kijana. Unaogopa nini?"

Kijana mwenyewe ana mvi kichwa kizima.

Ukiwa si wa huku Mukurweini, labda utauliza mapaja yanaingiaje. Yanaingia hivi: kiondo, kikapu chetu cha kusuka, ni uzi kwanza, na uzi wa mkonge husokotwa kwenye paja tupu, kwa kiganja. Juu ya nguo unakwama. Juu ya meza unabingirika tu kama penseli. Ngozi ndiyo inayoushika. Kwa hivyo wanawake huketi, hupandisha sketi, na kazi huanza. Yule mzee alilelewa hapa hapa. Asijifanye hajui.

Mimi sikwenda pale kwa sababu ya vyondo. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa naharibika. Baada ya kujifungua nilikuwa naamka nikiwa na hasira, nalala nikiwa na hasira, na katikati nalia juu ya sufuria. Nilimchukia mume wangu kwa sababu anapumua. Mtoto akilia, nilikuwa namtazama kama mtoto wa jirani, na hilo ndilo lililoniogopesha. Siku ya kliniki nilimwambia nesi. Alinipangia siku za kurudi nizungumze naye, halafu akasema kuna wamama hukutana ukumbini kila Alhamisi, niende nishughulishe mikono yangu na nikae na watu.

Nilitoka pale nikimtukana moyoni. Naumwa, na mwanamke ananituma nikasuke vikapu!

Lakini nilienda. Nilioga, nikajipaka mafuta mpaka nikang'aa, kwa sababu sikutaka wanione jinsi nilivyokuwa nimechakaa. Shosho, ambaye ndiye anayetufundisha, alinipa nyuzi za mkonge na kunionyesha. Nikasokota. Zikateleza. Nikasokota tena, zikateleza mpaka gotini, zikaanguka. Shosho akaniinamia, akapitisha kidole kwenye paja langu, akakinusa.

"Huyu amejipaka mafuta! Mama, umekuja kusokota ama umekuja kuolewa?"

Ukumbi ulilipuka. Mmoja, mama wa mapacha, alicheka hadi akaangusha chai yake. Shosho akaagiza jivu kutoka kwenye jiko la chai, akanipaka pajani kama anayenyunyizia mboga dawa, na uzi ukashika. Nilipoinua uso niligundua kwamba mimi pia nilikuwa nacheka. Sikukumbuka mara ya mwisho. Nilishika tumbo, lile tumbo nililokuwa nalichukia, kwa sababu lilikuwa linauma kwa kicheko.

Tangu siku hiyo sikukosa Alhamisi. Tulifumua sweta kuukuu kupata nyuzi za rangi, na kila sweta ilikuja na hadithi yake. Mama wa mapacha alifumua moja ya kijani hadi mikononi, ndipo akakumbuka ni ya mama mkwe, ilikuwa imeletwa kushonwa kiwiko tu. Tulimshauri amrudishie ikiwa kiondo. Alimrudishia, na mama mkwe akaenda nacho kanisani.

Kiondo changu cha kwanza kililegea upande mmoja kama mlevi. Shosho alikigeuzageuza mikononi.

"Kitabeba vitunguu," akasema, "kama vitunguu vyenyewe havina haraka."

Nilikipenda. Nilikitundika jikoni, na asubuhi nilipokiona nilijua kuna kitu nilichokianza nikakimaliza. Siku moja nilikuwa nasokota, binti yangu akaukamata uzi kwa mkono wake mdogo akauvuta, tukatazamana, na alikuwa wangu. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Sasa unaelewa kwa nini nilimpigia kelele yule mzee.

Alhamisi iliyofuata ugomvi ule tulikuta kufuli mlangoni. Tuliketi kwenye nyasi mbele ya ukumbi, tukapandisha sketi tukaendelea. Mapaja yaliyokuwa yanaonwa na mtu mmoja sasa yakaonwa na barabara nzima. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo.

"Shosho, hiyo ni shoo ya bure?"

"Wewe pita! Nilimwosha baba yako na mikono hii!"

Tukacheka tena, tukaimba. Kisha mvua ikaja, watoto wakalowa, tukakimbia kila mtu kwake. Wiki iliyofuata mvua haikutupa nafasi kabisa. Siku hiyo nilisimama jikoni maziwa yakifurika, nikayatazama yakizima moto, na mkono wangu haukusogea. Niliijua ile hali. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwenye ofisi ya wadi.

"Malalamiko ni ya barabara ama ya maji?" dada wa mapokezi akauliza.

"Ya mapaja."

Alifunika mdomo. Aliponisikiliza hadi mwisho, aliacha kucheka, akanipa karatasi. Barua rasmi nilifundishwa sekondari, na hii ndiyo mara ya kwanza nimeihitaji. Niliandika nikiwa nimesimama, binti akinivuta nywele:

*KUH: KUFUNGIWA UKUMBI WA JAMII*

*Sisi ni wamama wa Alhamisi. Msimamizi ametufungia ukumbi kwa sababu tunasokota uzi pajani. Uzi wa kiondo hausokotwi kwingine. Akitaka kuhakikisha, amuulize mama yake.*

*Hatupigi porojo pale, na hata tukipiga, ni haki yetu. Wengine wetu tulikuja tukiwa wagonjwa wa mawazo. Mimi ni mmoja wao. Kliniki ndiyo iliyonituma, na nimepata nafuu. Ukumbi ukiendelea kufungwa, mimi nitarudi nilikotoka, na nina mtoto.*

*Tunaomba mlango ufunguliwe Alhamisi hii. Msimamizi akiwepo, abishe hodi kabla ya kuingia. Koti lake liko kwa shosho. Aende alichukue mwenyewe, na aombe msamaha.*