Nilza Aliyekalia Majembe

Nilza alivuka Ruvuma na wanawe wawili mwaka ule mji wa kwao, Palma, uliposhambuliwa, akiwa na sufuria moja na kanga aliyojifunga. Kijiji kilichompokea, nyuma ya Mnazi Bay, hakikumtendea ubaya. Alipewa chumba, akapewa pole, akapewa vipando vya mihogo. Lakini kila alfajiri, yeye na wanawake wenzake wa ng'ambo walipofika bombani na ndoo zao, mwenyekiti wa kamati ya maji, Bwana Yusufu, aliwaambia kwa upole, "Wageni wetu, subirini kidogo wenyeji wamalize." Wenyeji walimaliza jua likiwa utosini, na mara nyingi tangi nalo lilikuwa limekauka.

Nilza ndiye aliyewakusanya. Alipita nyumba kwa nyumba na beseni lake la mihogo ya kukaanga, akiuza na kushawishi, mpaka wakawa wanakutana kibarazani kwake kila Ijumaa. Irene, ofisa wa shirika moja la mjini, aliwafundisha kwamba maji ni haki ya kila mtu, awe mwenyeji au mkimbizi. Basi wakaenda kwa Yusufu wamejitanda vizuri, wakapiga magoti, wakaomba haki yao. Yusufu akawakaribisha chai. Kesho yake wakasubiri kama kawaida.

"Kinachotuponza ni adabu yetu," Nilza aliwaambia Ijumaa iliyofuata. Yeye ni Mmakua, na Wamakua na Wamakonde ni watani tangu enzi za mababu, kando zote mbili za mto. Mbona tangu avuke hakuna Mmakonde wa kijiji hiki aliyemtania hata siku moja? Ameitwa mgeni, ameitwa maskini. Hajawahi kuitwa mla panya, kama watani waitanavyo. Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa anachekesha.

Ndipo mama yake Yusufu, Bi Husna, akafariki, kikongwe aliyekula chumvi nyingi. Wanawake wa ng'ambo walitaka kwenda kukaa nyuma, kimya, kama wageni wafanyavyo. Nilza akakataa. Iwapo Yusufu angeona wanamkejeli, angewafukuza, na habari ya bomba ingeishia hapo hapo. Alilijua hilo, lakini akatangulia mbele.

Alipoingia uani hakutoa pole. Alitwaa mkongojo wa marehemu, akainama, akapita kati ya waombolezaji akionja kila sufuria na kukunja uso, vile vile alivyozoea Bi Husna katika kila harusi. Waombolezaji wakatazamana. Kisha dada wa marehemu, machozi yakiwa bado mashavuni, akaguna, halafu akacheka, na kicheko kikasambaa hadi kwa wanaume waliokuwa wakijiandaa kwenda kuchimba kaburi.

Nilza akaenda moja kwa moja penye majembe yao, akayalaza chini, akayakalia.

Kila mtu alijua maana yake. Mtani akikalia jembe, kaburi halichimbwi mpaka jembe likombolewe kwa fedha. Yusufu akaja, macho mekundu, noti mkononi.

"Inuka, mtani."

Nilza alikuwa amelingoja neno hilo tangu avuke mto. Hata hivyo hakuinuka. "Noti zako kanunulie sabuni, Mmakonde. Mimi nataka foleni. Anayewahi bombani, achote."

Yusufu alimtazama, na ua mzima ukamtazama Yusufu. "Mama alinionya," alisema hatimaye, "kwamba Mmakua akishakaa, hata kwa moto hainuki." Akarudisha noti mfukoni. "Haya. Anayewahi, achote. Sasa toa makalio yako kwenye majembe ya watu."

Siku hiyo na zilizofuata wanawake wa ng'ambo walipika, wakaosha vyombo, wakachota maji yote ya matanga, maana mtani akishadai hana budi kutumika.

Matanga yalipoanuliwa, Nilza aliwahi bombani, akawa wa pili katika foleni. Yusufu akamwona, akamuuliza kwa sauti iliyofika barabarani kama maji hayo ni ya kuchemshia panya. Nilza akamjibu kwamba panya Wamakonde wameshawamaliza wote, yeye amebaki kula ugali mkavu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Alipojitwika ndoo alikuwa bado anacheka, na maji yakamwagikia shingoni mpaka mgongoni, naye akayaacha yamwagike.