Baba Labda wa Merigi

Jina Baba Labda lilimshika Kimeli pale kituo cha Merigi, wakulima wakipimisha majani chai. Karani alimuuliza, "Huyu mtoto wa Phyllis ni wako?" Akajibu, "Labda." Foleni nzima ikakufa kicheko, na kwisha yeye.

Sasa Phyllis amemshtaki, na korti imemwambia alipe matunzo ya mtoto ya miaka yenye alihepa, ama akibisha aende DNA. Beshte yake Sagini anamsukuma.

"Buda, fanya hiyo test! Ukipata si wako, deni imeisha."

"Na nikipata si wangu?"

"Si ndio nimesema!"

Kimeli anamfikiria mtoto. Siku ya kumpa mtoto jina, akina mama walitaja majina ya marehemu moja moja, na mtoto akapiga chafya walipofika kwa mamake Kimeli, ishara kwamba ndiye amerudi. Akapewa hilo jina. Tangu hapo Kimeli humuita Mama, na vile amemmiss huyo mtoto, hata chai haishuki.

Basi ameuza ndama, akalipa kiasi, test akaikataa. Jioni Phyllis akampigia, akapea mtoto simu.

"Baba, unakuja lini?"

"Kesho, Mama." Safari hii ile "labda" yake haikutoka.

Na wewe, kuna jibu umewahi kuogopa? Tupia story yako hapo chini, hatutacheka sana.