Mama Rukia, Somo wa Mji Mzima

Siku ya kwanza mama yangu kuingia kazini aliambiwa atoe mikono. Hakuulizwa anajua nini. Nyakanga, ndiye mkuu wa makungwi wote wa Ngamiani siku zile, mwanamke mnene aliyekaa kitandani kama hakimu, alimshika viganja, akavigeuza, akavinusa, akasema, "Hii ina moto. Itafaa. Lakini leo wewe huna macho wala mdomo. Utasaga liwa tu."

Mama akasaga liwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Liwa ni ule mti wa manukato unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka utoe uji mzito. Hina ya harusi yake mwenyewe ilikuwa bado haijafutika kwenye kucha. Nyakanga ndiye aliyemfunda yeye alipoolewa, na nadhani mama alimfuata kazini kwa sababu hakutaka kuachana naye. Hilo mliweke akilini, maana ndivyo walivyo wote. Wakishafundwa hawaondoki.

Akina mama wa chama chetu wamenijia na kuniambia, "Rukia, wewe umefika darasa la kumi, tuandikie habari za mama yako, wasichana wajue kazi hii ilivyokuwa ikifanywa." Vyema. Nadhani wanategemea nitaandika kwa machozi. Nitaandika kwa hasira, ndiyo niliyonayo tangu tumzike, na anayetaka machozi akayachote kwa Zuhura wa Pangani. Huyo tutamfikia.

Kungwi ni mwanamke anayemchukua msichana anayekaribia kuolewa na kumtayarisha. Huyo msichana anaitwa mwari, naye humwita kungwi wake somo, na jina hilo haliishi mpaka mmoja wao afe. Kazi yenyewe ina mikono na ina maneno. Mikono ni kusinga: kumsugua mwari mwili mzima kwa singo, yaani liwa, karafuu na maua ya waridi makavu yaliyosagwa, mpaka ngozi iwe laini kama ya mtoto mchanga. Ni hina, ni udi wa kufukizia nguo na nywele. Maneno ni yale ambayo msichana haambiwi na mtu mwingine yeyote: habari za mume, za mwili wake, za wakwe, lini ajibu na lini anyamaze. Kisha inakuja fungate, zile siku saba za maarusi ndani, na kungwi huhamia humo humo kuwapikia na kumwangalia mwari wake.

Mama alikaa chini ya Nyakanga miaka mingi. Alisaga, akabeba mabeseni, akashika chetezo cha udi. Nyakanga hakuwa mtu wa kusifu. Mama aliwahi kumchora mwari hina nzuri sana, akarudi nyuma kuitazama. Nyakanga akamwambia, "Unatazama nini? Unatazama hina yako. Mtazame mtoto, ana njaa." Mama alikuwa akiisimulia hadithi hiyo huku akicheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi sikuiona ya kuchekesha. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani na njaa.

Harusi yake ya kwanza peke yake alitumwa Tongoni, kwa wavuvi. Halafu Moa, alikokaa karibu mwezi kwa sababu bwana harusi alikwama Mombasa na mwari hakuweza kutolewa ndani. Kisha Pangani, kwenye zile nyumba kubwa za wenye mashamba ya minazi, na huko wakampenda, ikawa kila baada ya Idi lazima atoke mtu wa Pangani kuja kumchukua. Na kila alikokwenda alirudi na harufu ya huko. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namnusa. Wallahi, nilikuwa namvua buibui na kulinusa kabla ya kumpa maji. Nilijua nyumba hii inatia asumini nyingi, ile inapenda udi mkali. Harufu ya kwetu sikuwahi kuikuta juu yake.

Baba yangu ni fundi cherehani, kibaraza chake kiko hapo hapo nyumbani. Wateja walipomuuliza, "Fundi, mkeo yuko wapi?" alikuwa anajibu bila kuinua uso, "Mke wangu ni wa mji mzima. Mimi nimepanga chumba tu." Watu wakacheka. Siku moja alisema, "Fungate nimekaa nyingi kuliko sultani, zote peke yangu." Lakini mama aliporudi, cherehani ilisimama. Alikuwa anafunika kazi ya watu kwa shuka, mchana kweupe, na kwenda kukaa naye uani wakila biriani ya harusi kwenye bakuli moja, yeye akimchagulia mama nyama. Mimi nilikaa kizingitini nawatazama. Hata hapo foleni ilikuwapo, na mimi nilikuwa nyuma.

Jina lake mjini lilikuwa Mama Rukia. Rukia ni mimi. Hilo ndilo fungu langu.

Sasa msichana unayesoma haya utasema, basi wewe ulikuwa na bahati, harusi yako ilipofika ulifundwa na fundi mwenyewe. Hapana. Mama hamfundi mwanawe. Ndiyo desturi, na kwetu haikuvunjwa. Nilipochumbiwa nilimwendea jikoni, anachambua mchele.

"Mama, kwa nini usiwe wewe?"

"Kwa sababu kuna maneno nikikwambia mimi, kesho hutaweza kunitazama usoni. Wala mimi wewe."

"Mbona hao wengine wote wanakutazama?"

"Wale si wangu."

"Basi afadhali nisingekuwa wako."

Aliendelea kuchambua mchele, lakini nikaona anatupa chuya na mchele pamoja.

Nikaletewa Bi Mwanahawa wa Tongoni, mwanamke mwema, mdomo haufungi, mikono kama magome ya mnazi. Mama alisaga singo ile mwenyewe, naijua harufu yake, akaipitisha mlangoni kwenye bakuli na kubaki nje. Nje hakuondoka. Kila Bi Mwanahawa alipokosea, alipoanzia mgongo badala ya miguu, alipotia maji mengi, nilisikia kikohozi nyuma ya mlango. Mara ya kwanza, ya pili. Mwishowe Bi Mwanahawa akapiga ukelele, "Mama Rukia! Kama una kifua nenda hospitali, Wazungu wakakupe dawa! Huyu ni mwari wangu!" Wanawake wote uani wakaangua kicheko, na mama akacheka nao. Mimi nililala pale nimepakwa singo ya mama yangu na mikono ya mtu mwingine, nalia, na Bi Mwanahawa akadhani ni haya za mwari. Akanisifu.

Nikajiambia, sawa. Harusi ni ya desturi, lakini uzazi ni wetu. Maana mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwa mama yake, na arobaini yake hukaa hapo, na mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anayemfunga mkaja tumboni, anayempikia uji wa pilipili manga. Hakuna Nyakanga wala Bi Mwanahawa anayeweza kuingia hapo. Nilizisubiri siku zile kuliko nilivyomsubiri mtoto. Mume wangu ni karani wa reli, mtu mpole. Aliponisindikiza Ngamiani na sanduku langu alishangaa kuniona nina furaha vile, wakati miguu imevimba.

Nikazaa salama, mtoto wa kike, tukamwita Mwanaisha. Mama alinikanda siku ya kwanza na ya pili. Nyakanga alisema kweli, mikono ile ilikuwa na moto. Alinikanda kimya, bila mzaha wake wa kazini, nami nikalala kama sijawahi kulala.

Siku ya tatu akaja mtu kutoka Pangani. Mwari wa mama, huyo Zuhura, harusi yake imeletwa mbele kwa sababu babu yao ni mgonjwa na anataka kuishuhudia. Basi la Pangani linaondoka baada ya adhuhuri. Nikamwona mama anachukua buibui lake ukutani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Pangani. Bi Tatu wa jirani atakukanda, nimeshamwambia."

"Mimi nimezaa."

"Najua umezaa, nilikuwapo."

"Basi kaa."

"Nimeshamshika mkono yule mtoto, Rukia. Mwari ukimshika mkono humwachi njiani."

"Na mkono wangu mimi?"

Alisimama, buibui nusu kichwani. Alisema, "Wewe nimekuzaa. Sina haja ya kukushika mkono." Akainama, akambusu mtoto, akanibusu mimi, akaenda.

Watu wengi wameniambia kuwa yale yalikuwa maneno mazuri, na kwamba kwa mtu anayejua yanapita mapenzi yote. Wao hawakuwa wamelala pale tumbo halijafungwa.

Bi Tatu alinikanda kama anafua magunia. Uji alipika baba. Alikuja nao mpaka kwenye pazia, kwa vile mwanamume haingii kwa mzazi hovyo, akapitisha mkono na bakuli na kusema, "Mwanangu, umeungua kidogo. Ila umeungua kwa mapenzi." Nikaunywa wote, na ulikuwa mchungu. Akabaki upande wa pili wa pazia akisikiliza kama nakunywa. Nikamuuliza, "Baba, wewe humwonei wivu?" "Namwonea sana," akasema. "Lakini ningemfungia ndani, angekuwa mwanamke mwingine, na mimi nilimuoa huyu."

Mama alirudi fungate ya Zuhura ilipokwisha, ananuka asumini ya Pangani. Alinikanda siku zote zilizobaki, bila kukosa. Sikumsemesha mpaka arobaini yangu ikaisha. Yeye alinisemesha kila siku kama vile najibu.

Kazi aliiacha mwenyewe. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, na kwenye harusi moja ya hapa hapa mjini mstari wa hina ukaenda pembeni kwenye unyayo wa mwari. Mwari hakuona, mama yake hakuona. Mama yangu akaweka chini kijiti cha hina, akawaambia, "Mwiteni mwingine amalizie," akaja nyumbani kwa miguu, jua kali. Nyakanga alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na mkubwa wa kumuaga. Akamuaga baba: "Bwana, nimerudi." Baba akafunika cherehani.

Nikasema, sasa ni zamu yangu. Nikawa nakwenda kila siku na mtoto mgongoni. Na kila siku nilikuta viatu vya watu mlangoni. Wari wake! Wa Moa na samaki wakavu, wa Tongoni na ndizi, wengine wana wajukuu, wote "Shikamoo somo, shikamoo somo," wanamzunguka kitandani. Zuhura alikuwa anakuja kila Ijumaa kutoka Pangani, na ndiye aliyekuwa ameshaanza kuitwa kwenye harusi badala ya mama, maana tangu fungate yake hakuacha kumfuata mama kazini. Siku moja nilimkuta anamsuka mama. Nikachukua chupa ya mafuta nimsaidie, nikamimina. Zuhura akanishika mkono kwa upole.

"Dada Rukia, si utosini. Somo akitiwa mafuta utosini kichwa kinamuuma."

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Sikujua.

"Amekwambia lini?" nikamuuliza.

"Kwenye fungate yangu. Tulikuwa tunapiga porojo usiku kucha."

Mama alifumba macho kama amelala. Hakuwa amelala.

Alifariki baada ya kusali alfajiri, na baba ndiye aliyekuwa naye, peke yao, na hilo simuonei wivu. Alilisubiri muda mrefu. Msibani nyumba haikutosha. Wanawake niliokuwa siwajui walinikumbatia na kunipa pole kana kwamba wao ndio wafiwa na mimi nimekuja kuhani tu. Zuhura alilia mpaka akazimia, akapepewa. Mimi sikulia. Nilikuwa nawahesabia watu kahawa, na nilikuwa na hasira za kumuuliza marehemu: hawa wote umewapa nini, na kwa nini sikukikuta?

Ndiyo kazi ya ukungwi ilivyokuwa, basi, kwa aliyeiona kutoka upande wa nje ya mlango. Ilitaka mikono na uvumilivu, na ilitaka mtu ampende mtoto wa mwenzake bila kubakiza. Mama yangu aliijua kuliko wote niliowaona. Nasema hivyo ingawa naumia, kwa sababu ni kweli. Wasichana mnaotaka kuishika, ishikeni. Lakini mjue nyumbani kwenu kuna mtu atakayekuwa anawanusa nguo.

Juzi Zuhura alikuja kutujulia hali. Mwanaisha wangu, bado mdogo sana, akaniacha mimi mama yake nimekaa hapo, akaenda moja kwa moja kupanda mapajani kwake. Zuhura akaanza kumsugua nyayo taratibu, akavitazama vidole, akaniambia, "Dada Rukia, siku ikifika, huyu nipe mimi. Nitampa yote aliyonipa somo, sitabakiza hata moja."

Najua ni haki. Nikimkatalia, mwanangu atayakosa mambo ya bibi yake, maana mimi sinayo. Nikimkubalia, nitasimama nje tena. Nikamwambia, "Utamfunda. Lakini kabla hujamshika mkono, mimi nitakuwa nimeshamwambia kila ninachokijua, kidogo nilicho nacho, iwe aibu, isiwe aibu. Atanitazama usoni hivyo hivyo."

Zuhura akashika mdomo. "Astaghfirullah! Mama kumfunda mwanawe? Somo angekuwapo angekupiga kofi."

"Na apige," nikamwambia. "Hilo kofi lingekuwa langu peke yangu."