Ndoo ya Maji Salama

Hata sokoni hanunui samaki kabla hajamkagua mapezi, ndiyo maana mpimaji huyu wa kituo cha utafiti akabandikwa jina Mama Mapezi. Leo alipanda ngazi kwenda ofisini kwa bosi na ndoo ya maji, damu ikimchemka. Vifaranga wa samaki aliowavua wiki kadhaa nyuma mlangoni mwa mto, penye bomba la kiwanda, walikuwa na vidonda. Bosi akaamuru wakae kwanza wiki nzima kwenye maji safi, eti watulie, ndipo wapimwe. Waliozidiwa wakafa, waliobaki wakapona. Ripoti ikasema mto hauna neno.

"Hauna neno, bosi?"

"Mama, usinipandishe presha. Maji yale ni salama."

"Haya. Nimeyachota pale pale kwenye bomba la kiwanda. Tuwabadilishie hawa wako."

Akafunua tangi la samaki wa mapambo mezani.

Bosi aliruka kitini, akalikumbatia kwa mikono miwili.