Zima Hiyo, Bibi

Siku ile tulikuwa sita. Alikuwepo Bibi, amekaa kwenye kiti chake cha kamba nyuma ya cherehani. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba. Walikuwepo wadogo zangu wawili, anayenifuata na kitinda mimba, wote wa kike. Alikuwepo jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye hakuna kitu kilichoingia ua wetu bila yeye kuja kukitazama. Na alikuwepo muuzaji. Nawataja wote kwa sababu hakuna anayeweza kusema hakusikia. Tulisikia sote.

Nilidhani hasira ya siku ile imekwisha kunitoka. Juzi binti wa mdogo wangu alinijia nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi, akanionyesha picha kwenye simu. "Mama mkubwa, kuna mtu Kiembeni anauza kompyuta yake ndogo ya kukunja. Hajaitumia sana. Anasema ni nzima."

Mkono ukasimama ndani ya kifuu. "Anasema nini?"

"Ni nzima."

Nikamwambia avae viatu, tutakwenda wawili. Na njia nzima akili yangu ilikuwa imerudi kwetu Shika Adabu, mtaa wa Likoni, mwaka ule wa muuzaji, naona kila kitu.

Wewe unayesoma, kama ulikulia Likoni miaka ile, unaijua nyumba yetu hata kama hukuingia. Kuta za udongo zilizopakwa chokaa, bati juu, ua wa makuti nyuma, na mpapai mmoja uliozaa bila kuombwa. Asubuhi iliamshwa na honi za meli upande wa bandari, kisha adhana, kisha cherehani ya Bibi. Baba alitangulia, Mama akamfuata, na mimi nikaacha shule darasa la saba bila mtu kuniambia niache. Niliona tu vikombe vinne na mkate mmoja. Nikaanza kukaanga viazi vya karai barabarani, na ukwaju wake wa pilipili. Mpaka leo nikinusa unga wa dengu ukiiva kwenye mafuta nahisi fulana ya shule mgongoni, ile niliyoendelea kuivaa jikoni mpaka ikachanika.

Bibi alipinda leso. Wanawake walinunua leso zao dukani, wakakata doti ikawa leso mbili, wakamletea apinde kingo. Cherehani yake ilikuwa ya mguu, kuukuu, na ilikuwa na kikohozi: kila baada ya mizunguko kadhaa ilisema "kho", kisha ikaendelea. Na juu ya sauti ile Bibi alitaja majina. Kila Alhamisi baada ya alasiri aliwaombea dua marehemu wetu, jina kwa jina, kuanzia Mama na Baba kurudi nyuma, mtoto wa nani na nani, mpaka kwa watu ambao hata makaburi yao hayajulikani yalipo. Pindo la leso moja, jina moja. Hakuyasoma popote. Babu aliwahi kuyaandika kwenye daftari, mchwa wakalila, na tangu hapo Bibi hakuiamini karatasi tena.

Mwaka ule alianza kuruka majina. Alifika kwa jina fulani akasimama, mguu ukakanyaga hewa. "Yule... mamake yule..." Kisha akaendelea kana kwamba hakusimama. Nilimwona akilia mara moja, kimya kimya, leso ya mtu mdomoni.

Ndipo akaja muuzaji. Alikuwa na meza karibu na kivuko, akiuza redio, pasi na vitu vilivyotoka maofisini mjini. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa amemaliza kidato cha nne na akijifunza kupiga chapa, na ndiye aliyemwambia kwamba Bibi anasahau majina. Jioni moja muuzaji akaja na vitu kwenye mkokoteni: kioo kama televisheni, kasha la bati, na ubao wa vitufe vya herufi. Hakutaka pesa. Alitaka cherehani.

"Bibi," akasema, "kompyuta hapana sahau. Wewe sema jina leo, miaka mia yeye nakwambia jina ileile."

Bibi aliuliza mara mbili kama ni kweli. Mchwa je? Mchwa hali bati, bibi. Akalitazama lile kasha kama mtu anayetazama kaburi lililojengewa vizuri. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu wa Pwani huuliza kabla ya kununua chochote, iwe ni saa, iwe ni kuku:

"Ni nzima?"

Muuzaji akaligonga kasha kwa kiganja. "Zima hiyo, bibi. Zima kabisa."

Tukacheka. Sisi sote, hata kitinda mimba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, na sisi Kiswahili tulikinyonya, au ndivyo tulivyojiona. Mwalimu jirani hakuweza kuvumilia. Akanyoosha kidole kama yuko mbele ya ubao.

"Sivyo, bwana! Kompyuta i-, kompyuta zi-. Kompyuta n-zima. Sema nzima."

"Haya, Mwalimu. Nzima."

"Ahsante! Sasa umesema."

Na sisi tukaridhika. Tulikuwa tumemsahihisha.

Mimi nilisema, na Mungu ni shahidi wangu nilisema, "Tuiwasheni kwanza tuione." Stima ilikuwepo, waya ulikuwepo. Lakini muuzaji alikuwa ameshakula mahamri yetu mawili na mbaazi, na kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwake. Bibi akanitolea macho.

"Mtu amekula kwangu, nimpime mbele ya uso wake kama mwizi? Aibu hiyo uliitoa wapi?"

"Bibi, mimi nilitaka tu..."

"Nyamaza. Abee huijui?"

"Abee, Bibi," nikasema. Nikanyamaza. Miaka ishirini na mbili nilikuwa nayo, nalisha nyumba, nikanyamaza kwa sababu ya mahamri mawili. Cherehani ikapakiwa kwenye mkokoteni. Ilipopita kizingiti ilikohoa mara moja, na Bibi akageuza uso.

Muuzaji alipoondoka, tukaichomeka kompyuta. Kioo kilitoa mwanga kidogo wa kijani, kisha kikakaa hivyo hivyo. Kasha halikusema kitu. Tukabonyeza hapa, tukabonyeza pale. Bibi alikuwa ameshatawadha, amekaa tayari na jina la kwanza mdomoni. Akaambiwa labda inahitaji kupoa. Akangoja. Akaambiwa labda stima ni ndogo. Akangoja. Siku ya tatu nikamwita fundi wa redio, akafungua bati kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na nyaya zimening'inia na matundu ya vitu vilivyong'olewa.

"Hii imekufa zamani," fundi akasema. "Wameshaila nyama, wamewaachia mifupa."

Nilikwenda kivukoni na Mwalimu kando yangu, kwa sababu nilitaka shahidi mwenye mvi. Muuzaji alikuwa anafuta redio. Hakukimbia, hakushtuka. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

"Kasha lako halina kitu ndani," nikamwambia.

"Najua."

"Ulituambia ni nzima!"

"Mimi?" Akaweka kitambaa chini. "Mimi nasema zima. Taa nazima, moto nazima, kompyuta nazima. Nasema mara mbili: zima, zima kabisa. Nani nasema nzima?" Akamtazama Mwalimu, taratibu, bila kucheka. "Mwalimu, wewe ndiye nafundisha mimi hiyo nzima. Ama hapana?"

Watu waliokuwa wakingoja feri wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kapu la samaki akasema, "Ala! Kawapata na Kiswahili chenu wenyewe!" Nilimgeukia Mwalimu. Nilitaka apaze sauti, atukane, aseme chochote. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kweli," akasema. "Nilimsahihisha."

Cherehani haikuwepo tena. Alikuwa ameshaiuza, na aliyeinunua alinunua kwa haki yake.

Sitasema yule mtu alitoka wapi. Waongo wanazaliwa kila mahali na Likoni wamo wa kutosha. Namlaani kwa alichofanya, basi. Lakini wallahi nina hasira nyingine, na hiyo imedumu zaidi, kwa kuwa ni yetu. Tulijua ngeli ya kompyuta kabla hatujaijua kompyuta. Tulimpima mtu ulimi, tukaona aibu kumpima mali yake.

Bibi hakuwahi kunilaumu. Wakati mwingine, upepo ukitoka upande wa msikiti, tulisikia cherehani katika nyumba ya mtu, na baada ya mizunguko kadhaa, "kho". Alikuwa anainua kichwa. "Ile yangu," anasema, kisha anaendelea kuchagua mchele. Bila cherehani mguu haukuwa na kazi, na bila mguu majina hayakuja kwa mpangilio wake. Mdogo wangu alimwahidi kwamba akipata kazi ya ofisi atayaandika kwenye kompyuta ya huko. Bibi akasema sawa, yangoje.

Na mimi? Kalamu nilikuwa nayo. Daftari la viazi nilikuwa nalo. Ningeweza kukaa naye Alhamisi moja, mbili, nikayaandika, mchwa wale baadaye wakitaka. Lakini kila nilipofikiria majina nilimwona yule mtu na kitambaa chake, nikasema kesho. Nilikuwa na viazi vya kumenya. Bibi akafa kabla mdogo wangu hajapata kazi.

Nyumba ile haipo tena, wala mpapai. Leso siku hizi wengine wanazivaa bila kupindwa.

Basi Kiembeni tulikaribishwa vizuri, tukaletewa soda. Sikuigusa. Nikamwambia yule kijana mwenye kompyuta, "Iwashe." Akasema ni nzima, mama, haina taabu. Nikamwambia, "Sikukuuliza hivyo. Iwashe." Akaiwasha. Nikataka ichomolewe waya tuone betri inakaa. Nikataka izimwe kabisa, iwashwe tena. Nikamwambia binti abonyeze kila kitufe, kimoja kimoja, aandike, ahifadhi, afunge, afungue aone kama alichoandika bado kipo. Soda zikaishiwa povu. Kijana akaanza kununa, na binti akanikanyaga mguu kwa aibu.

"Mama mkubwa, yatosha."

"Haijatosha."

Tulipotoka aliniambia nimemwaibisha. Nikamwambia vizuri, hiyo ndiyo bei ya kununua.

Nyumbani akaifungua mezani, akanikalisha kando yake. "Haya. Tuandike nini kwanza?"

Nikamwambia aandike jina la Mama. Kisha Baba. Kisha Bibi, na mume wake, na dada yake Bibi aliyekufa kwa uzazi. Nilikuwa nakanyaga sakafu kwa mguu bila kujua. Tulifika majina tisa. Bibi alikuwa akimaliza leso thelathini na zaidi. Binti alingoja, mikono juu ya vitufe, na ule mstari mdogo kwenye kioo ukawa unawaka na kuzima, unawaka na kuzima.

"La kumi?" akauliza.

Mamake yule. Yule...

Nimemwambia asiizime. Tisa nimeyatoa. Yaliyobaki nadaiwa.