Neno la Herufi Nne

Juzi, huko Kapsoit, nilimwona muuza vyuma chakavu akivunja kompyuta ya zamani, kubwa kama kabati, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Mama alikuwa amelazwa, kwa hiyo Baba alinipeleka kazini kwake, kwenye chumba cha kompyuta cha kampuni ya chai. Kulinuka vumbi lenye joto, na harufu ya majani mabichi ilitujia kutoka kiwandani.

"Neno la mashine hii ni biti ishirini na nne," Baba alinieleza. "Kila herufi hula biti sita, kwa hiyo ni herufi nne tu."

Leo najua kwamba hicho kilikuwa kipimo tu, na kwamba maneno marefu yaligawanywa. Siku hiyo nilidhani mashine ilielewa maneno mafupi pekee, na kwamba ilitii.

Nilihesabu kwa vidole. "Basi iambie, 'Mama pona.'"

Baba alinitazama, kisha akayaandika maneno hayo kwa kutoboa matundu kwenye kadi, akaiingiza. Mashine iliimeza kwa kelele.

Simu ililia kabla hatujaondoka. Baba alisikiliza, akaiweka chini, akaketi sakafuni.

"Mama ametuacha," alisema.

"Iandikie tena, Baba."

Akachukua kadi nyingine, akaandika tena.