Albamu ya Kwanza Kwenye Maharage ya Mama Tluway

Kijijini Mbulumbulu siku hizi napita nimevuta kofia hadi kwenye nyusi, na aliyeniletea aibu hiyo ni mimi mwenyewe, mjuzi wa muziki niliyeishia darasa la sita. Asubuhi ile niliondoka Karatu mjini bila mpango wowote (ndivyo mipango yangu ilivyo), begi mgongoni, spika ndogo mkononi, na kwenye simu ile albamu ya kwanza ya dada mmoja mwenye sauti nzito, iliyonitoa machozi miaka kumi iliyopita nikaapa haina mpinzani, ingawa sikuwahi kuirudia.

Kufika huko juu Mbulumbulu nikakuta watu kama kumi wanapura maharage kwenye turubai, fimbo zinashuka pamoja kwa wimbo wao wa kupokezana. Mwenye shamba, Mama Tluway, akalitazama wingu lililokuwa linakuja, akaniambia, "Mwanangu, shika fimbo. Hiki ndicho chakula chetu mpaka msimu ujao. Tukiiwahi mvua, malazi utapata."

Mwenye akili angeshika fimbo. Mimi nikawaomba wanyamaze kidogo wasikie muziki wa kweli.

Wakanyamaza, kwa adabu tu. Dada akaanza kuugulia kwenye spika, ngoma inapigwa moja leo, nyingine kesho, na fimbo nazo zikafuata, zikawa zinapanda taratibu kama zinaaga, huku mimi nimefumba macho, mkono kifuani, naimba naye, wala sikuona kwamba mzee mmoja ameshakaa chini.

"Kaka," akauliza binti mmoja, "huyu anaimba au anaumwa?"

"Ameachwa," nikamweleza, kwa upole wa mwalimu.

"Na wimbo uliopita?"

"Ameachwa pia." (Ndipo nami nikagundua: albamu nzima kuna mwanamume mmoja anafunga begi na haondoki.)

"Si amwache aende, sisi tupure!"

Walicheka mpaka mvua ikatukuta, nusu ya maharage bado yamo kwenye maganda. Tukaburuta turubai, mengine yakabaki kwenye tope.  Mama Tluway akanifungulia stoo ya hayo tuliyookoa.

"Malazi yako haya. Uwe unayageuza maharage, yasije yakaota. Na hicho kidude kizime."

Nikakizima. Nikaapa pale pale, mikono imezama kwenye maharage yaliyolowa, kwamba nikikuta watu wanafanya kazi kwa wimbo wao, mimi nitaitikia tu, hata kama siujui.